Angani Tabora, Bega kwa Bega na Mama Mkwe

Wanaonifahamu hapa Usoke watashangaa kuona jina langu chini ya habari ya safari. Mimi ni karani wa baraza, na kwa miaka minne safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka mezani kwangu hadi kwenye kiti changu cha uvivu nyumbani. Shuleni nilipata alama nzuri za jiografia, nikaona inatosha. Dunia nimekwisha kuisoma, ya nini tena kuikanyaga?

Aliyenitoa ni mke wangu, Kalunde. Mwaka jana aliniomba nimpeleke Tabora kuona ndege ndogo za Wazungu, zile zinazokusanyika wakati wa kiangazi. Nikamwambia haiwezekani, kuku wetu anaatamia. Mwaka huu hakuomba. Alifunga nguo zake, akasema anakwenda kwao Ntalikwa kumsaidia mama yake kuvuna karanga. Karanga zikavunwa, zikaanikwa, zikabanguliwa, na nadhani zikaliwa pia, lakini Kalunde hakurudi.

Kwetu mke akikaa kwao namna hiyo, mume humfuata mwenyewe kwa miguu yake. Mimi nikaandika barua. Niliandika tatu, kwa hati safi kabisa. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia kwa mama mmoja muuza asali: "Kalunde anasema, barua haichoti maji. Jumapili atakuwa uwanjani Tabora kuona ndege. Ukimtaka, njia unaijua. Usipoonekana, basi kaa na kuku wako."

Hilo "basi" ndilo lililoninyanyua kitini.

Jumamosi asubuhi, stesheni ya Usoke. Nilifika mapema, saa mbili nzima kabla ya treni, maana mtu asiyesafiri huogopa kuachwa hata na treni ambayo haijatoka Kigoma. Nilikuwa nimevaa kofia yangu mpya ya rangi ya majivu, niliyoinunua ili Kalunde aone kwamba mumewe naye ni mtu wa safari. Katika behewa la daraja la tatu alikuwapo mzee mmoja aliyeweka mtungi wa samli katikati ya magoti. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikajibu, "Tabora." Akangoja niendelee. Kisha akasema, "Na kofia yote hiyo?"

Njia ya reli inafuatana kwa sehemu na njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wetu na pembe mabegani, wakaenda hadi pwani na kurudi. Babu yangu aliipita mara tano. Mimi, mjukuu wake, niliposikia injini ikipiga honi nilishika benchi kwa mikono miwili.

Tabora, alasiri. Aliyenipokea ni mtani wangu Sefu, Mzaramo, anayefanya kazi ya kufyeka majani na kubeba madebe ya petroli kwenye uwanja wa ndege. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyo hiyo. Anaweza kunitukana, kunivua kofia na kula chakula changu, nami nikikasirika, mwenye kosa ni mimi.

"Ala! Mzigo umefika wenyewe!" alipiga kelele pale jukwaani stesheni, watu wote wakageuka. "Nani kakubeba? Nyinyi si watu wa kubeba wenzenu?"

"Na wewe bado hujala panya leo?" nilimjibu.

Tulikwenda kwake Ipuli. Nikala ugali na mlenda, nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza bila mzaha, na hilo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili. Mwishoni akasema tu, "Kalunde atakuja na nani kesho?"

"Na mama yake, nadhani."

"Mh," alisema Sefu, akanawa mikono.

Jumapili, baada ya misa. Uwanja ulikuwa umejaa kama siku ya mnada. Wakulima wa Ntalikwa na Kipalapala walikuja na baiskeli, wenye maduka wa Kihindi wakaja na wake zao na vikapu vya sambusa, na sisi sote tukapangwa nyuma ya kamba. Ndege zilikuwa kumi na moja, ndogo kuliko nilivyofikiri. Nyingine nusu yake ni turubai. Nilidhani wenyewe wamekuja kwa kazi ya serikali. Sefu akanicheka. Mmoja ni mkulima wa mkonge, mwingine daktari wa meno, wanarusha ndege kwa starehe tu, kama sisi tunavyocheza bao. Mmoja alipanda mpaka akawa kama nzi, akageuka kichwa chini miguu juu, akaporomoka huku akizunguka. Watu wakapiga mayowe. Bibi mmoja karibu nami alisema, "Huyu hana mama!"

Hapo ndipo nilipomwona Kalunde, upande wa pili wa kamba, amevaa khanga nyekundu. Aliniona. Alitazama kofia, akanitazama mimi, akarudisha macho juu kwenye ndege. Nikaanza kumwendea, mara nikasimama kama nimekanyaga mwiba. Pembeni yake alikuwa mama yake.

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, haketiwi karibu, wala huli mbele yake. Ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Neno la lazima likiwapo, linapita kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwapo unamwambia mbuzi au unauambia mti, mwenyewe akasikia. Nilichuchumaa pale pale, nikageuza uso, nikapiga makofi ya heshima kwa mbali. Kisha nikarudi nyuma. Nusu saa nzima nikafanya hivyo: nasogea, nachuchumaa, narudi.

Saa tisa alasiri, Sefu akaja mbio. Wafanyakazi wa uwanja walikuwa wamepewa nafasi mbili za kurushwa na ndege kama shukrani, na yeye amenipatia moja. "Twende, karani! Kalunde anatazama!"

Nilisema nina kifua. Nilisema sijala. Nilisema kuku. Akaninyakua mkono, akanipitisha chini ya kamba hadi kwenye ndege ya rangi ya njano, akanisukuma ndani kiti cha nyuma, akanifunga mkanda. Rubani, Mzungu mwenye masharubu mekundu, alinipungia mkono bila kugeuka. Mlango wa pili ukafunguka. Aliyepandishwa, akishikwa kiwiko kwa adabu zote na Sefu, alikuwa mama mkwe wangu.

Sote wawili tulitoa sauti moja. Naye alikuwa ameambiwa ataruka na mke wa karani wa posta. Nikatafuta kifungo cha mkanda, sikukipata. Yeye akatafuta mlango, Sefu amekwisha kuufunga na anacheka nje ya kioo. Panga la puani mwa ndege likaanza kuzunguka. Mama akavuta khanga hadi kidevuni. Mimi nikabandika uso wangu dirishani. Mabega yetu yaligusana, na hapakuwa na majani ya kuingia.

Tulipokwisha kupanda, nikasikia sauti yake ikipita juu ya kelele za injini. Alikuwa anamwambia rubani.

"Wewe Bwana! Mwambie huyo mwenye kofia, mwanangu hakuja kwangu kwa ajili ya karanga!"

"Nini?" alisema Mzungu. "Mimi hapana sikia!"

"Bwana," nikapiga kelele kwenye kisogo chake, "mwambie Mama nimesikia!"

"Sikia nini?"

"Mwambie, mwanangu anataka mtu wa kutembea naye. Wa kumwandikia anaye padre!"

"Mwambie nimekuja, Bwana!"

"Amekuja wapi? Amekuja kutazama ndege! Kwangu Ntalikwa hajafika. Tangu harusi hajafika!"

Ni kweli. Nilikuwa nimepanga kumnong'oneza Kalunde uwanjani na kumpandisha treni ya jioni, nisione nyumba ya wakwe wala kuulizwa neno.

Ndege ikainama upande. Chini niliona reli, na kando yake mstari mrefu wa miembe ikienda magharibi, mti baada ya mti, iliyoota kwa kokwa walizotupa wapagazi. Kutoka juu njia ya babu yangu ilionekana nyepesi kama mstari wa kalamu.

"Bwana!" sauti ya Mama ilikuwa imepungua ukali. "Mwambie nyumba yangu ile pale, yenye bati moja jipya. Njia ni ile, inapita kisimani. Asije akasema hakuiona."

Nikatazama. Niliiona kabisa. Na katika kutazama chini hivyo, tumbo langu likapanda juu. Sikuwa na chombo kingine. Nilitumia kofia.

Tulipotua, Kalunde alikuwa mbele ya watu wote. Nilishuka na kofia nimeishika kwa mikono miwili, mbele ya mama mkwe, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo katika nchi yetu. Sefu akapanda juu ya debe, akatangaza kama hakimu: "Karani amemkosea mkwe wake hewani! Mimi mtani wao natoa hukumu: mbuzi mmoja, apelekwe Ntalikwa na mkosaji mwenyewe, kwa miguu, kesho!"

Mama akageuka upande. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Ilinichukua muda kufahamu kwamba anacheka. Akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, akaichukua ile kofia, akaondoka nayo.

Jumatatu, Ntalikwa. Nilimvuta mbuzi kutoka soko la Tabora, au yeye alinivuta, kwa njia ile inayopita kisimani. Sikuuliza mtu. Kwenye ua wa nyumba yenye bati jipya kofia yangu ilikuwa imefuliwa na kuanikwa. Nilichuchumaa, nikapiga makofi, na kwa mara ya kwanza nikasema mwenyewe, bila wino, kwamba nimemfuata mke wangu.

Mama alitoka, akamtazama mbuzi. "Wewe mbuzi," alisema, "mwambie mwanangu afunge nguo zake. Lakini mwakani aje tena kunitembelea, na huyo mwenye kofia amlete mwenyewe."

Jumanne, nyumbani. Katika treni Kalunde alikaa dirishani, akacheka peke yake mara nne kati ya Tabora na Usoke. Kila nilipouliza, alijibu, "Nimeikumbuka kofia." Nilichojifunza ni kidogo, mimi si mtu wa kujifunza mengi kwa safari moja: Ntalikwa si mbali, nilikuwa nimekaa tu. Tulipofika, mtungi ulikuwa mkavu. Kalunde alinitazama, akatazama meza yangu ya kuandikia. Sikungoja aseme. Nilichukua debe nikaenda kisimani, wanawake wakanicheka njia nzima, na habari hii nimeiandika baada ya kurudi.