Visiwa Visivyo na Watu

Mjukuu wangu ameandikiwa mafuta ya samaki, na kila nikifungua kile kichupa nanusa viatu vya yule Mjerumani aliyekuwa akitutawala zamani. Alikuwa akivipaka mafuta ya namna hiyo hiyo, kopo zima, wakati sisi pale Mpwapwa hatuna hata ya kuunga mboga.

Mwaka ule mvua zilikubali. Magugu yalikuwa yanaukaba uwele, na yeye ndipo akaona wakati mzuri wa kuja na askari kumchukua baba ambebee hema hadi kileleni. Kufanya nini huko? Kupumzika! Mtu apande mlima ili apumzike!

Mama akasimama na jembe lake. "Kwenu hamna mahali pa kupumzikia?"

Mjerumani akafurahi kuulizwa. Akasimulia visiwa vya mbali kaskazini alikowahi kutembea, barafu kila upande, jua halizami, yeye na ndege tu. Kimya cha kule, alisema, bado anakiota.

"Watu je?" mama akauliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Wala mwenye ardhi?"

"Hakuna, mama. Ndiyo raha yake."

"Sasa bwana, nchi nzima haina mwenyewe, na kimya unachokipenda kimejaa tele. Huku kwetu ulifuata nini?"

Mjerumani akainama kufunga kamba za viatu vyake, na zilikuwa zimefungwa. Askari akamtwika baba hema. Mama akaokota jembe la baba, akanipa mimi. Mpini ulinizidi urefu.