Kaa Aliyepakwa Rangi ya Viatu

Subira yangu iliisha Jumatatu asubuhi, ndani ya stoo ya shule, mwalimu wa sanaa aliponiambia nimshukuru fundi. Jiwe letu lilikuwa juu ya gazeti, jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride, na harufu ya rangi ya viatu ilijaa chumba kizima.

"Lilikuja na makwaruzo mengi, mzazi," akasema. "Nimepeleka kwa mjomba wangu, akapiga tupa na msasa. Sasa angalia. Hata wewe si unajiona hapo?"

Niliangalia. Mgongo wa yule kaa aliyemo ndani ya jiwe ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Gando la kulia, lile lenye vinundu, halikuwa na kinundu hata kimoja.

"Mwalimu," nikamwambia, "umemnyoa kaa."

Akacheka, akidhani natania. Hapo nikaanza kupiga kelele, na mimi si mtu wa kupiga kelele. Sitaandika niliyosema. Mpishi wa shule aliacha sufuria akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuja kunizuia, alikuja kusikiliza.

Niseme kwanza jiwe lilikotoka. Mama yangu alifanya kazi ya nyumba Nairobi kwa mzee mmoja mgeni aliyechunguza mawe ya visiwa vya volkano. Meza yake ya chakula haikuwahi kuona chakula, ilijaa mawe. Mama alianza kwa kupangusa vumbi, baadaye akafundishwa kuyasafisha kwa mswaki mkuukuu, pole pole. Mzee aliporudi kwao alimwachia moja, kwa sababu ni mama mwenyewe aliyemtoa yule kaa kwenye mchanga ulioganda. Wiki nzima ya mswaki na sindano.

Bahari mama hajawahi kuiona. Lakini kisiwa anakijua. Alinieleza jikoni akipika chapati. Volkano inatapika chini ya bahari mpaka inachungulia juu ya maji, halafu inatulia. Mawimbi yanakula kingo zake, mchanga na makombe yanajipanga, kaa wanatembea humo, wengine wanafukiwa. Kisha volkano inakumbuka kazi yake, inamwaga moto mwingine juu. Mchanga, moto, mchanga, moto, na hapo anaikunja chapati na kuipaka mafuta ili nione. Miaka mingi isiyohesabika baadaye kisiwa kizima kinainuka, na mtu anayepanda mlima anamkuta kaa ndani ya jiwe.

"Na huyu hata hakufa," hupenda kumalizia. "Shika hapa nyuma, gamba limeachana. Mzee aliniambia kaa akinenepa anavua koti, anatoka kinyumenyume, anaenda zake. Hii ni koti."

Nilipokuwa kidato cha pili niliona haya kwa hadithi hiyo. Mtu wa kuosha vyombo anajua nini kuhusu volkano? Kisha nikaikuta kwenye kitabu cha jiografia, karibu yote, isipokuwa chapati. Sijawahi kumwomba msamaha. Namwomba hapa.

Sasa macho yake yamekwisha, ni presha ya macho. Tunaishi naye hapa Kalama, na binti yangu wa gredi ya nne humwita susu, kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Kila jioni wakinywa chai, mtoto huleta jiwe, hushika kidole cha susu na kukiweka kwenye gando la kulia. "Imwe, ili, itatu," wanahesabu vinundu kwa Kikamba mpaka saba, kisha wanateremka kwenye miguu. Mama husema hicho ndicho kitabu pekee anachoweza bado kusoma. Siku moja mtoto aliuliza kaa alienda wapi baada ya kuvua.

"Alienda kutafuta koti kubwa," mama akamjibu. "Si kama wewe na hiyo sweta imekubana na bado unamnyima binamu yako."

Muhula huu mwalimu aliwaambia walete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Binti yangu akalifunga jiwe kwenye leso, akasimama mbele ya darasa, akaeleza yote, hata chapati. Jiwe likabaki shuleni, naye akarudi na daftari lililoandikwa kwa wino mwekundu: Usidanganye. Sema aliyechonga.

Simwonei mwalimu. Sisi Wakamba ni watu wa kuchonga. Baba yake anachonga, wajomba zake wanachonga, twiga wao wanafika ng'ambo. Huku kwetu ukiona mnyama kwenye mti au jiwe, unauliza ni mkono wa nani umemtoa. Na mkono ulikuwepo, ule wa mama yangu na mswaki wake. Lakini kwa mchongaji, kazi inayokwaruza mkono ni kazi ya mvivu, haitolewi mbele ya watu bila msasa na rangi. Alidhani anatusitiri.

Nilimjibu kwenye daftari kwa adabu. Hakusoma. Wakaliweka jiwe kwenye maonyesho ya shule, meza ya uchongaji. Nikampigia simu, akasema, "Tulia mama, mtoto wako atashinda." Nikatulia. Watoto nao wakaanza kumtania binti yangu: "Niaje, Kaa? Leo umechongwa na nani?" Nikatulia tena. Hapo ndipo ninapojilaumu.

Basi Jumatatu hiyo kelele zangu zilimtoa mwalimu mkuu ofisini. Akanieleza kwamba jiwe limeshaandikishwa kwa mashindano ya Ijumaa, halitoki. Alhamisi fundi atakuja kulitoboa chini ili likae kwenye kigingi cha mbao. "Na amalizie ule upande mwingine," akaongeza. Akafunga stoo, akatia ufunguo mfukoni.

Ule upande mwingine una gando la kushoto. Limejificha nusu ndani ya jiwe, na msasa ulikuwa haujalifikia.

Nilimkuta mama kibarazani akichambua maharagwe kwa vidole. Nikamwambia yote.

"Vinundu vyote saba?"

"Vyote, mama."

Akachambua kidogo. Jiwe dogo akaliweka kando.

"Na la kushoto?"

"Bado."

"La kushoto lina vinne," akasema. "Nilikuwa nangoja vidole vya mtoto vipate akili kidogo ndio nimfundishe. Huko ni lazima uingize ukucha."

Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango. "Susu, ningemwacha tu nyumbani."

Mama alinyoosha mkono mpaka mtoto akaja. Akampapasa uso, paji, pua, kidevu, polepole, vile vile anavyolipapasa lile jiwe.

"Wewe ulisema ukweli mbele za watu," akamwambia. "Sasa mletee mama yako karatasi."

Tuliandika sisi watatu. Mimi nilikuwa nimeweka maneno fulani kuhusu mjomba wa mwalimu, mama akayatoa yote. Jumatano asubuhi nikaipeleka. Karani wa shule alitaka kuandika kwenye kitabu cha barua kwamba nalalamikia sanamu.

"Andika kaa," nikamwambia.

Akanitazama, akaandika, akagonga muhuri. Barua yenyewe ni hii:

*Kwa Mwalimu Mkuu. Nakala kwa Bodi ya Shule na Ofisi ya Elimu.*

*YAH: KUHARIBIWA KWA KAA WA FAMILIA*

*Nalalamika rasmi. Mtoto wangu wa gredi ya nne alileta shuleni gamba la kaa wa kale lililogeuka jiwe. Halikuchongwa na mtu. Lilipigwa tupa, msasa na rangi bila ruhusa yetu. Vinundu saba vya gando la kulia vimeondoka na havirudi. Gando la kushoto bado lina vinundu vinne, viwili vikubwa nje na viwili vidogo ndani ya ufa. Anayevijua ni nyanya wa mtoto, ambaye haoni, na ndiye anayehitaji kuvishika.*

*Naomba fundi asiliguse jiwe tena, wala kulitoboa. Naomba liondolewe kwenye mashindano. Naomba mwalimu afute neno "usidanganye" mbele ya darasa lile lile lililomsikiliza mtoto.*

*Sitarudi kesho kuuliza. Niko kwenye benchi nje ya ofisi yako, na leso ya kumfungia ninayo hapa.*