Kipa wa Mjomba na Ligi Mbili

Mjomba wangu alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mgeni wa Kiswahili aliyekanyaga nyumba yake ya Saltley, mjini Birmingham, kabla mgeni hajavua koti: ligi ipi kali, ya Kenya au ya Tanzania? Ukijibu ya Kenya, unaletewa chai. Ukijibu ya Tanzania, chai unaletewa vilevile, ila utainywa huku ukisomewa mashtaka. Alikuwa ametoka Mombasa miaka kumi kabla yangu, na tangu hapo hakuwa ameona hata mechi moja ya ligi hizo mbili. Hilo halikumpunguzia uhakika hata chembe.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa kipa mmoja. Walikua pamoja mtaa mmoja, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, wakaazimana mashati, na yule bwana akaja kudaka mpira wa ligi kwa miaka mingi. "Yupo golini yule," mjomba alipenda kusema. "Hajazaliwa Mtanzania wa kumpita."

Yule bwana alikuwa amekufa. Alikufa kwa homa ya siku nne, miezi miwili kabla sijapanda ndege kuja Birmingham kusomea unesi. Kwetu habari ya msiba haiandikwi kwenye barua kwenda kwa mtu aliye peke yake ugenini, maana ataisoma amesimama mlangoni na hakuna wa kumshika mkono. Inangoja mtu wa kuipeleka kwa mdomo, na safari hiyo mtu huyo nilikuwa mimi. Mama alinishika mabega akaniagiza nimwambie ndugu yake taratibu, akiwa amekaa, akiwa ameshakula.

Mjomba alinipokea kituo cha mabasi, na swali lake la tatu lilikuwa habari za rafiki yake. Nikasema hajambo, anakusalimu sana. Nilikuwa nimechoka, baridi imenifika mpaka kwenye meno, nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho yake alikuwa zamu kiwandani. Keshokutwa alikuwa anacheka, nikaona vibaya kumkatiza. Wiki ya pili akaniuliza kama barua kutoka nyumbani inamtaja rafiki yake, nami nikajikuta nasema ndiyo, ameng'oa jino. Nilimng'oa marehemu jino! Baadaye nikamnunulia baiskeli. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza, na kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Sikuwa na huruma kama nilivyojidanganya. Nilikuwa mwoga.

Mwaka huo wa pili akaja wodini kijana wa Tanga aliyebanwa kidole na mashine, fundi wa kiwanda kimoja upande wa Newtown. Nilimfunga bendeji, akarudi mara tatu kuniuliza kama nimeifunga vizuri. Nilimpenda, sina haja ya kuzungukazunguka. Tulikubaliana alete posa kwa mjomba, kwa kuwa baba alikuwa ameshaandika kwamba neno la mjomba ndilo neno lake. Mjomba akikataa, mambo yamekwisha, na hakuna wa kumlilia.

Muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Huenda mshenga. Wetu alikuwa mzee wa Dar es Salaam, kondakta wa basi, mtu wa maneno laini. Lakini magoti yalimsumbua na Jumapili ile theluji ilikuwa imelala barabarani, ikabidi kijana wangu amlete kwa gari aliloazima, kisha abaki humo humo garini, asionekane. Nilikuwa jikoni, mlango nimeuacha wazi kidogo, nikasikia mjomba anasogeza pazia la dirisha la mbele.

"Na yule dereva wenu?"

"Atangoja tu, mzee mwenzangu."

"Ataganda. Majirani watasema hatuna adabu. Mwiteni."

Wote mle ndani walijua dereva ni nani, na wote wakafanya hawajui. Akaingia, akasema shikamoo, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu kuhusu mjomba: usicheke kwa sauti, usikatae chai, usimtazame usoni sana. Jambo moja tu sikumwambia. Niliona aibu ajue kwamba mke anayemtaka ni mwongo wa miaka miwili.

Mjomba hakungoja. "Kabla ya yote. Ligi ipi kali?"

"Zote kali," akasema mshenga. "Ni ndugu."

"Hilo si jibu. Wewe dereva, hebu tuamulie."

"Mimi ni dereva tu, mzee."

Nikashusha pumzi. Lakini mjomba alikuwa ameshanogewa. "Mwawaona Watanzania? Wakishindwa hoja, wote wawa madereva!"

Mshenga akacheka kwa adabu. Kijana wangu naye akacheka, kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba timu za kwao zina viungo wanaojua kutuliza mpira. Mjomba akajibu kwamba kutuliza mpira ni kazi ya mtu asiyejua pa kuupeleka. Akahama kwa viungo, akaja kwa mabeki. Nilikuwa nahesabu nafasi za uwanja kwa vidole: wakimaliza mabeki, kinachobaki ni goli. Maji ya chai hayajachemka.

"Haya, mabeki nawapa," mjomba akasema. "Na golini je? Very serious question, bwana. Nitajie kipa wenu mmoja wa kumfikia rafiki yangu." Akamtaja kwa jina kamili, na la babake.

Nilinyakua sinia lenye vikombe vitupu, nikatoka. Nilikuwa tayari kuliangusha, kusema nimeungua, lolote lile. Nilichelewa hatua mbili.

"Yule?" akasema kijana wangu, na uso wake ulikunjuka, kwa kuwa alikuwa amepata pa kumpa mzee ushindi wake. "Kwa yule nakubali, mzee. Hatuna. Siku alipofariki, hata sisi Tanga tulisimama kimya uwanjani kabla ya mechi. Watu walilia."

Mjomba alibaki mdomo wazi kidogo, kama mtu anayengoja umalizie sentensi.

"Lini?" akauliza.

Kijana aliona kuna jambo, akanitazama, akamtazama mshenga. Akataja mwezi na mwaka. Mjomba akageuka, akaniona nimesimama pale na sinia langu.

"Ulikuwa hujaja bado."

"Ndiyo, mjomba."

"Ulijua."

"Nilijua."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Mshenga alianza kuinuka, akashika kofia yake, akisema labda warudi siku nyingine. Kijana wangu alikuwa anaomba radhi, hajui hata ya nini. Mjomba akawaashiria kwa mkono wakae.

"Nyinyi mlikuja kwa jambo. Jambo lenu nimelikubali. Huyu kijana aingia kwangu leo, ashaniambia la kweli." Alikuwa akimwambia mshenga. "Binti mchukueni."

Miezi minne nilikuwa nimelingoja neno hilo. Niliposikia, niliweka sinia mezani. Mshenga, kwa kufuata desturi, akakunjua viganja ili posa isomewe Fatiha.

"Tusome mbili," mjomba akasema. "Kwanza ya maiti."

Ya kwanza aliisoma kwa sauti, akikatikakatika, na machozi yalimshuka hakuyafuta. Ya pili ilikuwa yangu, ya posa; mshenga na kijana wangu waliisoma. Niliinua macho katikati yake nikamtazama mjomba. Viganja vilikuwa wazi mbele ya kifua, lakini midomo yake ilikuwa imefungwa.