Maharage Niliyoyapulizia Ukuaji

Siku ile shambani Hasamba tulikuwa watano: mimi, wadogo zangu Neema na Yona niliowalea tangu wazazi wafariki, jirani yetu Mama Sekela, na bwana shamba.

Niliacha shule darasa la sita, lakini kusikia nasikia. Mkutanoni bwana shamba alisema dawa ya magugu ya mahindi ni homoni ya ukuaji iliyotengenezwa kiwandani. Mimi nikaondoka na "ukuaji" tu. Mama Sekela alipolalamika kwamba maharage yake yamedumaa, nikampulizia dawa hiyo shamba zima. Ilikuwa mbegu ya marehemu mama yake, na haiuzwi dukani.

Siku ya tatu, ndiyo siku ile tuliyokusanyika watano, mashina yalikuwa yamejisokota kama kamba.

"Mwanangu, haya yanakua au yanaumwa tumbo?" Mama Sekela akauliza.

"Yanajinyoosha, mama," nilijibu kifua mbele.

Bwana shamba akachora udongoni umbo la pembe sita, mfano wa chembe ya dawa. "Dawa hii inafanana na homoni ya mmea wenyewe, ila imebandikwa chembe mbili za klorini. Ukizihamisha, nguvu inapotea. Zikikaa hapa, mahindi yanaweza kuivunjavunja, maharage hayawezi. Yanalazimishwa kukua mpaka yanajinyonga. Nani kapuliza?"

Neema akatazama miguu yake. Yona akanionyesha kwa kidevu.

"Mimi," nikasema.

Mama Sekela hakunifokea. "Basi nitafutie mbegu ileile, mwanangu."

Nimeitafuta mpaka wilaya jirani ya Ileje. Sijamrudishia hata punje.