Goti la Mjukuu Wangu

Namshukuru Mola, aliyetupa viungo na akatupa na ruhusa ya kuchoka.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Marekani, amecheza mpira wa Kimarekani kwa ujira miaka tisa. Ni mchezaji wa ulinzi: kazi yake kumwangusha anayekimbia na mpira. Mwaka juzi alinijia hapa mtaani kwangu Al Mankhool na goti lililovimba, ambalo timu yake ilikuwa haina habari nalo. Siku ile alizunguka sebuleni tangu asubuhi, simu mkononi, akingoja daktari wa timu ampigie kumuuliza kama yu tayari kwa msimu. Nami nikahangaika naye, nikivuta uradi bila kujua nimefika wapi.

Alasiri tukashuka msikitini. Mimi huswali kitini. Yeye kila akisujudu nilimsikia akiguna kwa maumivu. Tulipomaliza nikamwambia, "Magharibi chukua kiti, baba. Mungu kakuruhusu."

"Vile vya wazee, Babu. Nikikaa pale, mpira basi tena."

"Unaangusha mijitu mizima, kiti kinakutisha?"

Alicheka, machozi yakimlengalenga. Lakini magharibi alivuta kiti, akakaa ubavuni mwangu. Tulipotoka hakungoja tena kupigiwa. Alimpigia daktari mwenyewe, akasema, "Goti halikunjiki vizuri. Nilikuficha." Nikamshika mkono.

Msimu ule hakucheza, wala uliofuata.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie kusema kweli mapema, na akutulizie moyo baada yake. Amin.