Bakuli la Asubuhi

Mke wangu ni fundi cherehani, na ugonjwa wa mama yake aliujua kwanza kwa nguo. Kabla hospitali haijatamka neno saratani, alikuwa ameshapunguza magauni ya mama mabegani na mikononi, na kila mara alikikunjia ndani ya mshono kitambaa kilichozidi badala ya kukikata. Alisema atanenepa tena.

Mama hakunenepa. Kula alikula, lakini kwa mkono wa mmoja tu. Mke wangu ana mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima tunamwita Kitinda. Walipogawana uuguzi nyumbani kwa mama, Kitinda alichukua asubuhi, kwa kuwa huuza katika duka la dawa zamu ya mchana. Mke wangu akachukua jioni, baada ya kufunga kazi. Asubuhi mama alikunywa uji, akala yai, akauliza kama kuna kilichobaki. Jioni mke wangu alichemsha supu, akaichuja, akaipoza, akaketi kitandani na kijiko. Mama alionja kidogo, akageukia ukutani.

"Leo amemaliza bakuli," Kitinda alikuwa akituma ujumbe, kwa furaha tu. Mke wangu aliusoma akiwa na pini mdomoni, na wateja wa siku hiyo walimpata fundi aliyenuna. Nyumbani alinieleza kuwa mambo haya si ya leo wala jana. Kitinda ndiye aliyelala kwa mama mpaka akaanza shule. Yeye mke wangu aliambiwa "wewe mkubwa" hata meno ya utotoni hayajang'oka. Nilimwambia mgonjwa hachagui. Akanijibu kuwa mimi sina mdogo wa kike, ninyamaze.

Kulikuwa na kijana wa utafiti kutoka hospitali. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya wagonjwa wa saratani huishiwa misuli hata wakilishwa vizuri, na kama saa ya mwili, ile inayotuamsha na kututia njaa, inahusika. Mama alikubali kushiriki. Alivishwa mkononi kifaa cha kurekodi usingizi na mwendo, na kijana akawa anakuja, mara asubuhi, mara jioni, kumpa kishikio cha chuma akibane kwa nguvu zake zote. Mama alimbandika jina la Bwana Bana. Asubuhi alikibana huku akimtania. Jioni, mbele ya mke wangu, vidole vilikizunguka tu kama uzi uliolegea.

Daktari naye alikuwa amesema wazi: mama akizidi kudhoofika, hatampa duru inayofuata ya dawa. Hapo mke wangu akapata hoja. Alimtaka mdogo wake wabadilishane zamu, ili jioni mama apate mkono anaoupenda. Kitinda hakubisha, alikwenda kuomba zamu ya asubuhi huko dukani kwake.

Siku ya kwanza ya mke wangu, mama alimaliza bakuli, akaomba yai jingine. Mke wangu alirudi kichwa juu.

"Ulidhani ni utamu wa uji?" aliniuliza. "Ni mtu anayeshika kijiko."

Alivimba hivyo siku kadhaa, mpaka Kitinda alipomfuata kwenye meza yake ya kukatia nguo.

"Dada, umemwambia nini mama kuhusu mimi?"

Kumbe jioni mama alikuwa akigeukia ukuta mbele yake pia. Kitinda alikuwa amembembeleza, akalia, na mama akameza kwa kumhurumia mpaka akatapika, hata cha asubuhi kikatoka. Mke wangu alinieleza baadaye kwamba kwanza roho yake ilifurahi. Kisha akamtazama mwenzake usoni, akakiona kile kinyongo alichokuwa akilala nacho yeye mwenyewe.

Jioni ile walikwenda pamoja, wakamkuta Bwana Bana, wakamweleza ugomvi wao. Aliwaambia kuwa hakuna aliyependwa wala aliyechukiwa. Kwa mama, njaa na nguvu huja na asubuhi na kuondoka jua likishuka. Kama ni ugonjwa unaoiharibu saa ya mwili, au ni saa iliyoharibika inayousaidia ugonjwa, hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta, na bado hawajui.

Mama alikuwa akisikiliza.

"Mnaligombania tumbo langu kama shamba la urithi," alisema. "Chakula nileteeni asubuhi. Jioni sitaki sahani. Nataka mtu akae tu."

Sasa wote wawili walijua fungu tamu ni asubuhi, na mke wangu ndiye aliyekuwa nalo. Lakini Kitinda alikuwa ameshika sahani ya jioni, anasita kuiondoa. Mke wangu aliona kuwa huyu kesho atabembeleza tena, na mama atameza tena ili amridhishe, na duru ya dawa itapotea.

"Rudi zamu ya asubuhi," alimwambia. "Jioni niachie mimi."

Usidhani wivu uliisha. Jioni mke wangu huenda na kazi ya mkono, akashona vifungo kando ya kitanda, mama amefumba macho, hawasemezani. Asubuhi, akienda kwenye cherehani yake, hupita njia ya nyuma ingawa ni ndefu, akasimama chini ya dirisha la mama. Siku moja nilimkuta hapo, amekunja uso kama aliyelamba ndimu. Ndani Kitinda alikuwa akisimulia kitu, na mama alicheka kicheko ambacho jioni mke wangu hakisikii. Nilitaka kusema neno, mke wangu akaniwekea kidole mdomoni. Tukangoja. Kijiko kikakwangua bakuli tupu.

"Haya," alininong'oneza. "Twende zetu."