Mafunzo Aliyoyakwepa Mama Noela

Bernadina alikuwa mkutubi wa chuo cha uuguzi kilichopakana na hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Vitabu alivijua kwa rangi za majalada. Ukimtajia ugonjwa, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu. Wanafunzi walimwita Mama Noela, kwa jina la bintiye, na walimheshimu.

Mwaka juzi chuo kilimpeleka Mwanza, wiki nzima, kwenye mafunzo ya wakutubi wa afya. Walifundishwa kutafuta makala za kitabibu kwenye kompyuta: kuchagua maneno, kuyaunganisha, kupima kama makala inaaminika. Siku ya kwanza tu Bernadina alipotea. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na jirani yake mezani, Pantaleo wa Kagongwa, angeweza kuwa mwanawe. Aliona haya kunyoosha mkono. Akasingizia macho yanamuuma, Pantaleo akawa anamfanyia mazoezi yote. Ijumaa akapokea cheti, wakampigia makofi.

Machi mwaka huu, Daktari Ngusa wa wodi ya watoto aliingia maktaba. Wanafunzi walikuwa wamejaa, wanajiandaa na mtihani.

"Mama Noela, nina mtoto kutoka Geita. Kwao wanachomea jikoni dhahabu iliyoshikwa na zebaki, na moshi wake ni sumu. Sasa mikono inamtetemeka, hata kutembea shida. Nitafutie makala za tiba yake. Wewe si ulisomea?"

"Kabla ya saa sita utazipata, daktari."

Aliandika "dawa ya kutoa zebaki mwilini", akachapisha kurasa za kwanza zilizotokea. Daktari aliporudi alizisoma amesimama.

"Mama, haya ni matangazo. Watu wanauza vidonge vya kusafisha mwili."

Hakufoka. Lakini wanafunzi wote walisikia, na msichana mmoja akaficha uso kwenye daftari asionekane anacheka.

Bernadina alijifungia stoo, akakaa juu ya maboksi ya majarida, uso unamwaka moto. Angeweza kuvumilia kuchekwa. Ila kumbe kwa sababu ya haya yake kulikuwa na mtoto anatetemeka kitandani bila tiba. Akampigia Pantaleo.

"Mwanangu, kule Mwanza nilikudanganya. Macho hayakuwa yananiuma. Sikuelewa kitu."

Pantaleo hakushangaa. "Nilijua, mama. Niliogopa kukuaibisha."

Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Haya, fungua kompyuta," Pantaleo akasema. "Twende taratibu."

Walihangaika kwa simu mpaka saa tisa, neno kwa neno, wakapata makala tatu. Bernadina alikwenda wodini karibu anakimbia. Kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amehamishiwa Mwanza mchana huo.

Daktari alizipitia. "Hizi ndizo zenyewe. Wabeja, asante sana, mama. Nitawatumia wenzangu wa Mwanza."

Bernadina alitaka kuuliza hali ya mtoto. Akaaga, akarudi maktaba.

Wiki iliyofuata alimwandikia mkuu wa chuo barua, akiomba kurudia mafunzo, na sababu akaieleza bila kupunguza. Mkuu aliisoma, akavua miwani.

"Barua hii inaingia kwenye faili lako, Mama Noela. Una uhakika?"

"Iingie, mkuu."

Alirudi Mwanza mwezi wa sita, na safari hii aliuliza maswali mpaka mkufunzi akachelewa chakula. Siku hizi Daktari Ngusa humletea maswali karibu kila wiki, naye humpatia makala. Wanazungumza mengi. Habari za yule mtoto wa Geita, mpaka leo, hajathubutu kuziuliza.